Partition iliyoitwa NGOJA: nilichokikuta kwenye diski yangu tuliporudi Bunia

Habari za humu wakuu, pamoja na nyinyi mnaosoma kimya bila kuandika.

Nimeona mwenzetu anauliza namna ya kuongeza nafasi ya diski C bila kupoteza vitu vyake. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika haya. Yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kiswahili changu ni cha Bunia, Kongo, mnivumilie.

Miaka ya vita ya Ituri nilikuwa na ordinateur nyumbani, nyinyi mnaita kompyuta. Mtaani kwetu ilikuwa hiyo moja tu. Nilipiga barua za watu na attestation, vile vyeti vya shule, na mchana nilifundisha vijana kuchapa.

Mmoja wao aliitwa Dorika. Miaka ishirini hivi, mtulivu, anamaliza ukurasa mzima bila kosa. Ni yeye peke yake aliyeuliza mambo ya ndani ya mashine. Nilimwonyesha hata disketi yangu ya kugawanya diski, akaielewa upesi kuliko mimi.

Mapigano yalipofika mtaani tuliondoka na nguo za mwilini: mimi, mke wangu Mama Esta, na watoto. Kwa miguu hadi Komanda, halafu lori hadi Beni. Dorika sikujua amekimbilia wapi.

Tulikaa huko miezi. Tuliporudi, nyumba za jirani hazikuwa na milango wala mabati.

Yetu ilikuwa nzima.

Vitanda, viti, masufuria, vyote vimekwenda. Lakini ordinateur ilikuwa palepale mezani, imefunikwa kitambaa chake, na kitambaa kimefuliwa. Mama Esta alikinusa akakirudisha haraka. Sabuni ile haikuwa ya kwetu.

Majirani walitusalimia kutoka barabarani, hakuna aliyeingia. Mzee wa nyumba ya pili akaniuliza:

"Papa Esta, muko munalala mule ndani?"

"Sasa tulale wapi, muzee?"

Akatazama dirisha letu kidogo, akaenda zake.

Halafu kulikuwa na mwanamke mmoja, Mama Furaha. Kila asubuhi alisimama kwenye ua wetu, anaangalia mlango. Ukimkaribisha anatikisa kichwa. Baada ya muda anaondoka. Kesho yake yuko tena.

Siku ya tatu nikaazima groupe, jenereta, nikawasha mashine.

Iliwaka vizuri. Ila C ilikuwa imepungua. Niliacha giga ishirini, sasa zipo kumi na tano. Nikajua watu walioingia wamechezea. Kazi zilikuwa zinaningoja, nikachukua disketi yangu kwenye droo (hiyo nayo hawakuiba) nikaanza kurekebisha.

Wanaojua programu za zamani wanakumbuka: unapanga kila kitu kwanza, futa hii, panua ile, na hakuna kinachofanyika mpaka ubonyeze Apply. Nikaona partition ndogo, yaani kipande kilichotengwa, mwishoni mwa diski, imefichwa, haina herufi. Nikaiwekea Delete. Nikavuta C mpaka mwisho. Kidole tayari kiko kwenye mouse.

Mama Esta alikuwa nyuma yangu anafagia. Akainama akasoma kioo.

"Ngoja," akasema.

Nikamuuliza, "Ningoje nini?"

"Si mimi. Imeandikwa pale."

Kweli. Ile partition ilikuwa na jina: NGOJA. Na ndani haikuwa tupu, kulikuwa na kitu kidogo sana, hata mega moja hakifiki.

"Mwizi anakuandikia ungoje?" mke wangu akauliza.

Nikaondoa kidole kwenye mouse. Nikafuta mipango yote, nikaipa ile partition herufi E, nikawasha upya.

Ndani kulikuwa na mafaili ya maandishi, kila moja lina jina la siku. La kwanza lilikuwa langu:

"Mwalimu, ni Dorika. Wenye bunduki walinikamata, wananichapisha karatasi zao hapa kwako. Watu wanawaleta mu chumba ya watoto, kisha wanawatoa. Mimi niko naandika majina kila wanapotoka kula. Usifute. Waambie jamaa zao."

Mengine yote yalikuwa watu. Jina, nguo aliyovaa, siku, na njia waliyompitisha. Mstari mmoja kwa mtu mmoja.

Mama Esta alikwenda akawatoa watoto kwenye kile chumba.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini Mama Furaha anasimama pale uani. Asubuhi alipokuja nilitoka na mstari wake kwenye karatasi, nikamsomea nikiwa nimesimama:

"Papa Furaha. Koti ya kahawia, hana viatu. Alhamisi. Njia ya Nyankunde, na wengine wawili. Aliomba maji, nilimupa."

Akakaa chini kwenye majani.

"Rudia ya maji," akasema.

Nikarudia. Akaniomba tena, nikarudia tena. Kisha akainuka, akaingia ndani mpaka kile chumba, akaweka mkono ukutani, akatoka. Hakusimama uani tena.

Habari ilienea. Kwa wiki mbili watu walikuja, na mimi nilisoma. Wengine walifuata zile njia. Wachache walipata watu wao, hai au kaburi. Wengi hawakupata kitu.

Faili la mwisho lilikuwa na mstari mmoja:

"Dorika, mimi. Kitenge ya kijani, sweta nyeusi. Jumapili. Njia sijaambiwa."

Nilikwenda mwenyewe Gety, kijijini kwao, na mstari huo kwenye karatasi, kumsomea mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kweli aliandika yeye.

"Ni yeye, mama."

"Aliandika bila kosa?"

"Hakuna hata moja, mama."

Akaichukua ile karatasi, akaikunja ndogo, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza: fanya backup, hakikisha umeme hautakatika, na usifute partition usiyoijua kabla hujaifungua. Nafasi utapata tu. Mimi kidogo nifute watu wote wale kwa sababu ya giga tano.

Dorika hadi leo sina habari zake. Mliopita Bunia, Nyankunde au Gety miaka ile, kama mliwahi kukutana na msichana wa hivyo, niandikieni hapa chini. Hata kama habari si nzuri, mama yake anataka kuijua.