Njia Nzuri ya Satibaldi

Satibaldi hakuwahi kuijua njia mbaya maishani mwake. Ukimwuliza habari ya njia yoyote ya milima ile, angefumba jicho moja, akajibu kuwa ni nzuri, tena ina majani. Watoto wa Kikirgizi hupanda farasi kabla miguu yao haijakaza, na yeye hakuona sababu ya kushuka tangu hapo.

Mkwe wake, Ermek, alipofika kwenye hema la sufu la wakwe zake akiwa na baiskeli ya kupita njia za changarawe, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume na mifuko imefungwa kila upande, mzee aliitazama kwa huruma. Alizibonyeza tairi kwa kidole gumba, akauliza kama mnyama huyu akivunjika mguu huchinjwa.

Ermek alikuwa amepata wageni wake wa kwanza wa kuwaongoza. Walitaka kuvuka mlima mpaka ziwani kwa baiskeli kama ile, na walikuwa wakisubiri neno lake. Akikosea, watazibeba mabegani, na yeye hataitwa tena na mtu. Alimweleza mzee yote hayo, akamwuliza hali ya njia. Mzee akajibu kuwa njia ni nzuri, tena ina majani.

Ermek akainamisha kichwa. Baba wa mkeo habishiwi, sembuse ukiwa unakunywa maziwa ya farasi wake. Akasema basi, kesho atashuka penye mtandao awaambie waje.

Burul, mke wa mzee, alikuwa akimimina bakuli jingine. Kuishi na mtu ambaye kwake kila kitu ni kizuri kulimfariji siku nyingine. Siku nyingine kulimwachia mashaka ya watu wawili.

"Mzee," alisema taratibu, "kule juu, miguu yako iligusa chini lini?"

"Miguu yangu ina kazi gani kule?"

"Basi anayeijua njia ni farasi. Mwite ndani tumwulize."

Ermek akaficha uso ndani ya bakuli. Satibaldi hakucheka.

Asubuhi mzee na Ermek walipanda mlima pamoja. Mpaka kijitoni, baiskeli ilimwacha farasi nyuma, na Ermek akathubutu kupiga kengele. Ng'ambo ya kijito njia iligeuka mfereji mwembamba uliochimbwa na kwato, umejaa mawe makubwa kama birika. Ermek akashuka, akasukuma, mwisho akabeba. Mzee alimtazama kitambo, kisha naye akashuka, akaishika baiskeli pembe zake, akaisukuma mwenyewe mpaka juu. Wachungaji wa ng'ambo ya bonde, walipomwona kwa miguu, wakapaza sauti kumpa pole ya kufiwa na farasi.

Jioni mzee alitoa hukumu bila kumtazama mkewe.

"Mpaka kijitoni, mtu anapanda baiskeli. Ukishavuka, baiskeli inampanda mtu. Waambie walete zenye tairi nene, au wazunguke bondeni."

"Wakighairi je, baba?"

"Waghairi wakiwa na mabega yao mazima."

Ermek akaondoka kwenda kuwaambia. Burul aliyeyusha mafuta ya kondoo, akazivuta nyayo za mumewe mapajani pake. Zilikuwa laini kama za mtoto, zimejaa malengelenge. Akazipaka polepole.