Tangi la Nyumba ya Placide

Aloys si mtu wa ulimi laini, tuseme ukweli. Miaka kumi na minne ametengeneza matangi ya maji moto kusini mwa Johannesburg, yale ambayo hapa kila mtu anayaita geyser, na miaka yote hiyo amegombana na wateja. Ukimwambia, "Fundi, paka gundi tu hapo, litashika," anafunga begi lake na kuondoka. Mkewe Belyse, aliyekimbia naye kutoka Burundi, hachoki kumwambia kwamba mdomo wake utamponza. Yeye hujibu kwamba tangi halina adabu, kwa nini fundi awe nayo? Kitu kimoja tu alijivunia: tangu avuke mpaka hakuwahi kumpiga mtu. Alishaona damu ya kumtosha.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ile ya kukata masikio, alipigiwa simu na Masika, Mkongo wa Butembo anayesuka nywele pale Rosettenville.

"Papa Aloys, njoo mbio. Bomba la maji moto linatema mvuke, na huko darini kunanguruma."

"Zima umeme!"

"Boksi la umeme haturuhusiwi kugusa. Ni la Placide."

Placide ndiye aliyeikodi nyumba ile nzima, akawapangisha wenzake vyumba. Mwenye nyumba alijua wanaishi watu wanne. Walikuwa kumi na mmoja.

Aloys alifika, akapanda darini na tochi. Tangi lilikuwa la zamani, limefura, linatetemeka. Kile kidude cha kukata umeme maji yakishachemka kilikuwa kimekufa, kwa hiyo lilizidi kuchemka tu. Na bomba la vali ya usalama, linalotoa mvuke tangi likizidiwa, lilikuwa limezibwa mdomo kwa boli.

"Mwehu gani ameziba hapa?" alifoka kutoka juu.

Masika akamweleza kwa aibu. Bomba lile lilikuwa linadondosha maji kwenye ukuta wa upande wa barabarani, ukuta ukaota ukungu wa kijani. Placide aliogopa kwamba mwenye nyumba akipita ataona, ataingia kuuliza, atahesabu vitanda. Basi akaziba.

Eish! Aloys alishuka kama anayefukuzwa na nyuki. Akazima swichi kubwa, akalifunga boksi kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautia ndani ya soksi. Ndivyo anavyofanya kazi siku zote, hata nyumba iwe na mtu mmoja.

"Tokeni nje wote!" alisema. "Umeme nimezima, lakini moto bado umo ndani ya tangi. Likipasuka linaondoka na paa, na ninyi mko chini yake. Kaeni nje mpaka lipoe."

Hakuna aliyetoka. Walishazoea mafundi wa kutisha watu ili kazi iwe kubwa. Nje kulikuwa na baridi, watoto walikuwa na mafua. Hata Masika alibaki mlangoni, watoto wake wawili wameshika sketi yake.

Hapo ndipo Placide alipoingia, katoka lindo la usiku, jitu la mabega mapana, na rungu la kazi bado kiunoni. Alitaka kuoga. Alipoona kufuli, uso ulimbadilika.

"Nani kafunga boksi langu?"

"Mimi," alisema Aloys. "Ukiwasha, utawaua hawa. Nenda ukaangalie boli lako."

Kutaja boli mbele ya wapangaji ndilo lililokuwa kosa. Rungu lilimpata Aloys shingoni, kisha mbavuni. Alianguka. Placide akampiga teke la tumbo, akamkanyaga vidole, huku akidai ufunguo. "Mrundi wewe! Nyumba yangu! Leta ufunguo!" Aloys alitema damu na kipande cha jino, akasema hautoi. Akapigwa tena. Hautoi. Watu kumi wanatazama, na hakuna aliyefungua mdomo, maana kila mmoja wao alikuwa na kitanda cha kupoteza. Ukiniuliza mimi, hilo lilikuwa baya kuliko rungu.

Placide alipochoka kuuliza, alichukua nyundo kutoka kwenye begi la Aloys na kulivunja kufuli kwa mapigo matatu. Akapandisha swichi. Darini tangi likaanza kunguruma upya, safari hii kwa sauti nene, na vumbi likadondoka.

Aloys alijiinua akiwa na spana ya mabomba mkononi. Pigo la kwanza lilivunja kifundo cha mkono uliokuwa kwenye swichi, na mlio wake ulisikika nyumba nzima. La pili lilimpata Placide gotini. Hilo la pili halikuhitajika, Aloys alilijua hata kabla halijatua, na alilifurahia. Kisha akashusha swichi, akakata kwa koleo kipande cha waya unaokwenda kwenye tangi, akakitia mfukoni.

Sasa ndipo midomo ikafunguka! Victoire, mke wa Placide, alimrukia akimparua uso. "Muuaji! Umemvunja mume wangu, tutakula nini?" Wengine wakamkokota Aloys, wakamtupa nje ya geti, wakamrushia begi lake. Hakuna aliyetazama juu.

Aloys alikaa ukingoni mwa barabara, akatapika, kisha akalia. Alijionea aibu. Kwamba aliokoa watu, hakuna atakayejua, kwa sababu tangi halikupasuka. Kwamba alimvunja mtu, Rosettenville nzima itajua kabla ya saa sita.

Geti likalia. Masika alitoka na watoto wake wawili ndani ya blanketi moja, akaketi kando yake.

"Tukae mpaka saa ngapi?" aliuliza.

"Mpaka jioni. Lipoe kabisa." Alifuta mdomo. "Si ulikataa kutoka?"

"Nilifikiri unatafuta kazi tu, Papa Aloys. Lakini mtu anayetafuta kazi, ukimpiga rungu la pili, anatoa ufunguo."

Aloys alivua koti lake lenye damu, akawafunika watoto miguu.