Mistari Inayotembea

Wiki jana nilikuwa Meru, katika ofisi wanakopimwa watoto wanaotatizika kusoma. Ndani, mwalimu alikuwa akimuuliza mkulima mmoja wa Githongo kuhusu binti yake. Mlango ulikuwa wazi, na sisi wa kwenye benchi tulisikia yote.

"Akisomewa hadithi, anaikumbuka?"

"Yote. Hata anaiongezea chumvi."

"Na akisoma mwenyewe?"

"Jasho linamtoka. Mistari inatembea."

"Amekuambia inatembea?"

Mkulima alisugua goti lake. "Hapana, madam. Ni mimi huiona ikitembea. Tangu nikiwa mdogo."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Akamwambia kwamba huo si uvivu wala ujinga, na kwamba binti atafundishwa kwa njia inayomfaa.

Huku kwetu ndama akikosa kunyonya tunamwita daktari siku hiyo hiyo. Mtoto akishindwa kusoma, tunatafuta kiboko kwanza.

Mkulima alitoa simu. "Madam, nikikupatia mama yangu, utamwambia hivyo umesema? Alinitoa shule nichunge ng'ombe, akisema sina kichwa."

"Si umwambie wewe?"

"Nikisema mimi, ataona najitetea."

Alipiga. Simu ililia hadi ikakatika. "Ako kwa shamba la kahawa," alisema. "Hii simu huwa anaiacha nyumbani."

Akatoka, akaketi nasi kwenye benchi, kando ya binti yake. Nilipoondoka alikuwa akipiga tena, huku akimtazama mwalimu asije akafunga ofisi.