Mvinyo wa Clive Pargeter kwenye Meza ya Wakwe

Clive Pargeter alisoma mita za maji za Bonde la Barossa, kusini mwa Australia, kwa miaka thelathini na minne, na hakuna ua alioingia akatoka bila kuacha ushauri kuhusu mvinyo. Aliinama kwenye kona ya bustani ya mtu, akaandika tarakimu zake, kisha akajinyoosha, akafuta jasho na kumwuliza mwenye nyumba atakunywa nini Krismasi. Jibu lolote lilikuwa baya. Ukitaja mweupe, alitikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya mapafu yako. Ukitaja mwekundu, alitaka kujua wa mwaka gani. Ukitaja mwaka, alicheka kidogo kwa pua, na hicho kicheko cha puani watu walikichukia kuliko bili yenyewe.

Na wala hakuwa mtu wa bonde. Alizaliwa Whyalla, mji wa chuma kando ya bahari, kwa baba mchomeleaji aliyeamini kwamba kinywaji ni bia na vingine vyote ni mbwembwe. Kazi ndiyo iliyomleta bondeni. Kilichombakiza ni Raelene Noske, binti wa watu waliolima mizabibu tangu mababu zao waliposhuka melini kutoka Ujerumani. Krismasi yake ya kwanza ukweni, mzee Hubert Noske alimmiminia mvinyo wa shamba lake, akamwuliza anauonaje. Clive, kijana mnyofu wa miaka ishirini na minne, akajibu, "Kama dawa ya kikohozi."

Meza nzima iliangua kicheko, mama mkwe akajifuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Walicheka kwa mapenzi, na kabla pudini haijafika walikwishasahau. Clive hakusahau. Aliapa moyoni kwamba hakuna Noske atakayemcheka tena kwa habari ya mvinyo, na kiapo hicho kilimharibu mtu ambaye vinginevyo angekuwa mume mzuri tu wa kawaida.

Alisoma vitabu. Alihudhuria kozi ya Jumamosi sita na cheti chake akakitundika chooni, mahali ambapo mgeni hana budi kukitazama. Alinunua glasi kubwa mno hata Raelene akawa anaziosha moja moja, kama anayeogesha mtoto mchanga. Na kila Desemba aligawa zawadi: chupa moja kwa kinyozi, moja kwa mama wa posta, moja kwa Mchungaji Semmler wa kanisa la Kilutheri, na moja kwa kila nyumba ya ukoo wa Noske. Kila chupa ilivikwa karatasi ya kaki na kadi iliyoandikwa kwa mkono: ufunguliwe saa ngapi kabla ya mlo, uwe na ubaridi kiasi gani, unywewe na nyama ipi, na nyama ipi ni marufuku.

Januari alipita kukagua.

"Mmeufungua?" alimwuliza mama wa posta.

"Tumeufungua, Clive. Mtamu kweli."

"Ile ladha ya mwishoni mliipata?"

"Tuliipata."

"Ya nini?"

Mama wa posta, mwenye wajukuu saba, akaanza kupekua barua zisizo na haja ya kupekuliwa. "Ya... matunda?"

Clive akacheka kwa pua.

Mchungaji Semmler, aliyekuwa na miaka sabini na tisa, alipewa chupa yenye amri kwamba isifunguliwe kabla ya miaka kumi na mitano. Mzee aliisoma kadi mara mbili. "Ndugu yangu Clive," akasema, "hii ni heri ya Krismasi au ni kifungo?"

Mtu pekee aliyepokea kwa asante tu ni Glenys, mke wa Lyle, kaka yake Raelene. Glenys alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mtambo wa kujaza chupa wa kiwanda kimoja cha hapo jirani. Mwaka mmoja aligeuza zawadi yake akaiona namba ya kundi iliyopigwa kiwandani, akaikumbuka hata zamu yenyewe: yeye ndiye aliyeipakia chupa ile kwenye boksi, siku mtambo ulipogoma mara nne. Kadi ya Clive ilimweleza kwamba mvinyo huu unahitaji kuheshimiwa. Alishukuru. Mara moja tu, alipokwenda kuazima pasi, aliiona kabati Clive alimohifadhi hazina yake, kwenye chumba cha kufulia, ubavuni mwa tangi la maji ya moto.

"Shemeji, humu mbona kama tanuri?"

"Mvinyo unataka giza, Glenys," Clive alimjibu kwa upole wa mwalimu. "Giza."

Glenys akachukua pasi akaenda zake.

Basi ukafika mwaka ambao Hubert alitimiza miaka tisini, na siku yake ya kuzaliwa iliangukia juma la Krismasi. Clive aliona hii ndiyo siku aliyoingojea miaka arobaini. Ndani ya ile kabati alikuwa na chupa ya mwaka tisini na nane, aliyoilaza miaka ishirini na sita, asiyoruhusu hata vumbi lake liguswe. Aliamua kumpa mkwewe hiyo, mbele ya wote, kwenye chakula cha mchana cha Krismasi.

"Usihutubie tu," Raelene alimwambia ndani ya gari.

"Mimi sihutubii. Ninaeleza."

"Basi usieleze."

Joto siku hiyo lilifika nyuzi arobaini na moja. Walikula barazani, nzi wakila pamoja nao. Mezani palikuwa na paja la nguruwe lililookwa, kuku baridi, saladi ya viazi na matango ya bustani ya Hilda, mama mkwe, yaliyokatwa membamba, yakingoja krimu na siki. Hilda alikuwa na miaka themanini na sita na hasira, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba chupa ya siki ni tupu na maduka yote yamefungwa.

Clive akasimama.

Alieleza kwa dakika kumi na moja. Alieleza mvua za mwaka tisini na nane na udongo na umande. Siagi ikawa mafuta. Lyle alijichukulia kipande cha nguruwe, mkewe akampiga kofi mkononi, Lyle akakirudisha. Hubert, ambaye mwaka huo wa tisini na nane alikuwa kwenye mvua hizo hizo akivuna, alisikiliza kwa adabu akiwa amefumba macho.

Ndipo Clive akazibua chupa. Kizibo kilivunjika kama biskuti kavu. Nusu ikatoka na kizibuo, nusu ikazama ndani.

"Kawaida kabisa kwa mvinyo wa umri huu," akasema, na akaomba chujio la chai.

Harufu ilimfikia kabla ya glasi kufika mdomoni. Kuna sehemu ya moyo wa mtu inayojua ukweli upesi kuliko yeye mwenyewe, na sehemu hiyo ya moyo wa Clive ilimwambia aiweke glasi chini, acheke, aseme bahati mbaya. Lakini macho yote mezani yalikuwa yanamtazama, macho ya akina Noske. Akanywa. Ulimkata kooni kama upanga. Machozi yakamlenga.

"Naam," akasema kwa sauti iliyokuwa nyembamba kidogo. "Matunda meusi. Ngozi. Na... uhai. Una uhai mwingi."

Akawamiminia wote. Lyle akaonja, jicho moja likajifunga lenyewe. "Unaamsha," akasema. Raelene alionja akatazama sahani yake kwa huzuni ya mwanamke aliyeonya garini. Glenys alinusa tu, akaiweka glasi mezani taratibu.

Hilda ndiye aliyenyoosha mkono. "Lete hiyo chupa."

"Nikuongezee, Mama?"

"Ilete, mwanangu."

Akampa. Bibi kizee akainusa, uso ukamfunguka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na akaanza kumimina juu ya matango.

"Mama!" Clive aliruka. "Huo ni wa mwaka tisini na nane!"

"Na matango ni ya leo asubuhi," Hilda alisema, akaongeza krimu, chumvi, sukari kidogo, akakoroga. "Kaa chini ule."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuumiza Clive baadaye alipolifikiria: walikuwa wanakula mno hata wakakosa nafasi ya kucheka. Bakuli lilizunguka mara mbili, na Lyle akalikomba kwa mkate. Hubert alikula sahani tatu. Alipomaliza akajifuta mdomo, akamwinamia mkwewe.

"Clive, mwanangu. Miaka arobaini unaniletea mvinyo. Huu ndio wa kwanza nilioumaliza."

Alisema kwa shukrani ya dhati kabisa, na Clive akainuka kukusanya sahani.

Kesho yake Clive aliifungua kabati. Alizibua chupa thelathini na saba juu ya sinki la kufulia, moja baada ya nyingine, Raelene akiwa amekaa juu ya mashine ya kufulia anamtazama. Joto la tangi lilikuwa limezigeuza nyingi kuwa siki, zilizobaki zilikuwa maji ya kahawia yasiyo na ladha ya kitu. Katikati ya kazi hiyo akasimama ghafla, kizibuo mkononi.

"Zawadi zote zilitoka humu."

"Ndiyo," alisema Raelene.

"Za kinyozi. Za posta. Miaka ishirini! Na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

Alikwenda kwa Mchungaji Semmler mchana ule ule, bila kofia, jua likimchoma upara. Mchungaji alimkaribisha, akakohoa, akakiri kwamba chupa zote nyingine alizopewa aliwahi kuzionja, na zote alizimwaga kwenye waridi.

"Kwa nini hukuniambia, Mchungaji?"

"Nilidhani tatizo ni ulimi wangu," mzee alisema. "Wewe ulisema ni mzuri, na kila mara ulikuwa unanieleza kwamba sijui kitu. Nikakuamini, Clive. Nadhani bonde zima limekuamini."

Clive alirudi nyumbani kwa miguu, na kwa wiki tano hakutoa ushauri kwa mtu yeyote. Raelene alianza kuwa na wasiwasi, akampima joto.

Mavuno yalipoanza Februari, Glenys alipiga simu. Lyle alikuwa ameteguka mgongo, na shambani kwa Hubert walipungukiwa na mtu mmoja. "Shemeji, mkasi unaujua?"

Miaka arobaini ndani ya bonde lile, na Clive hakuwahi kukata shada hata moja la zabibu. Saa moja asubuhi alikuwa shambani katika suruali iliyopigwa pasi. Saa tatu alikuwa amejikata kidole gumba na kufungwa plasta. Saa nne mgongo ulimwuma hadi akatamani mita za maji. Alionja zabibu moja, ya joto la jua na yenye mbegu, akaonja ya pili, na kwa mara ya kwanza hakuwaza neno lolote la kuisemea. Akala tu, hadi mikono ikamnata.

Kwenye mstari wake alipangwa na Leipakoa, mwanamke wa visiwa vya Vanuatu aliyekuwa katika msimu wake wa saba wa mavuno bondeni, ambaye alijaza ndoo tatu wakati Clive anajaza moja. Kufika saa sita Clive alikuwa amepata nafuu. Alijinyoosha, akafuta jasho, akamtazama mwenzake akikata.

"Unajua," akasema, "ukiinamisha mkasi kidogo upande wa kushoto, shada linatoka bila kuumizwa. Watu wengi hawalijui hilo."

Leipakoa hakuacha kukata. "Mzee," akasema, "umekanyaga zabibu zangu."