Nilivyopata historia ya gati la Doha kwa vikombe kumi na kimoja vya kahawa

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenipata mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Anayetaka kubisha abishe.

Nilipokuwa naondoka Tanga, mjomba aliniambia mbele ya watu: "Diploma ya utalii? Unaenda kufungulia Waarabu geti tu."

Mwaka mmoja na nusu wa kwanza alikuwa sahihi. Nilikuwa mlinzi kwenye resort moja ya ufukweni Doha, geti la nyuma.

Ndani kulikuwa na gati refu la kutembelea, na pembeni yake ukumbi wa maigizo usio na paa, ngazi za mawe zinatazama bahari. Wageni walipenda kuuliza pale zamani palikuwaje. Tour guide alijibu ya kwenye kipeperushi.

Guide akaacha kazi. Supervisor, mama wa Kifilipino, akasema anayetaka nafasi aongoze wageni Alhamisi, yeye atafuata nyuma akisikiliza.

Tukajitokeza wawili. Mwenzangu wa reception alikuwa na degree.

Otieno, Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura, alinicheka: "Buda, na hiyo diploma utaguide nani? Paka wa ufukwe wa Corniche?"

Mimi hujibu kwa vitendo.

Nilimtafuta Suleiman, dereva wa Kizanzibari anayefahamiana na wazee wa pale. Jumatano baada ya alasiri akanishusha mtaa wa Abu Hamour kwa mzee mmoja Mwarabu, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Doha akiwa kijana. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na changu si haba.

Mzee akanimiminia kahawa mwenyewe. Kwetu ukipewa unakunywa, unarudisha kikombe na shukrani.

Nikarudisha. Akajaza.

Nikarudisha. Akajaza.

Wakuu, vikombe ni vidogo, lakini ile kahawa ni chungu, iliki tele, sukari hakuna. Nikadhani ananipima adabu. Na mimi mtihani sishindwi.

Kufika cha tano tulikuwa bado kwenye habari za wajukuu. Cha saba ndipo akasema:

"Hapo penye gati lenu la saruji, mwanangu, palikuwa na la mbao. Sisi vijana tukiigiza juu yake, watu wamekaa mchangani."

"Mchezo ulichukua muda gani, mzee?"

"Mpaka maji yajae. Yakigusa mbao, mfalme anakunja kanzu anakimbia. Hatukufika mwisho hata siku moja!"

Alicheka mpaka akafuta macho.

Nikiwa kwenye cha kumi na moja Suleiman akarudi, akakitazama kikombe mkononi mwangu.

"We, hukutikisa kikombe?"

"Kutikisa?"

"Ya Rabbi! Ukitosheka unakitikisa. Usipotikisa atakumiminia mpaka mwezi uandame."

"Mwache," mzee akasema. "Siku nyingi sijapata mtu wa kunisikiliza hivi."

Alhamisi mwenzangu alianza. Alitaja idadi ya viti bila kukosea. Wageni wakawa wanapiga picha bahari.

Zamu yangu niliwasimamisha katikati ya gati, nikasimulia, kisha nikakunja suruali nikakimbia kama yule mfalme. Wakacheka. Halafu wakainama kuchungulia chini kwenye nguzo, utadhani mbao bado zipo.

Supervisor akauliza: "Hii umeitoa wapi? Haimo kwenye kipeperushi."

"Kwa mtu aliyeigiza hapa."

"Yu hai?"

"Yupo Abu Hamour."

"Jumamosi mlete. Na wewe usirudi getini."

Jumamosi mzee alikaa kwenye ngazi za ule ukumbi, wageni wamemzunguka, maswali hayaishi. Kazi yangu ikawa kutafsiri tu. Nadhani siku hiyo nilimlipa.

Nilichojifunza ni hiki. Diploma ilinipa ujasiri wa kusimama mbele za watu, na najivunia. Ila cha kuwaambia nilipewa na mzee aliyekosa wa kumsikiliza. Ukiwa ugenini, tafuta wazee wa pale, kaa, usiwe na haraka ya kuaga.

Mliofanya kazi Ghuba, mwageni yenu. Na anayelikumbuka gati la zamani la mji wake, iwe Tanga, Lindi au Mombasa, aandike hapa chini kabla waliolikanyaga hawajaisha.