Jina Langu Kwenye Mikanda Miwili

Kwetu Embu, binti wa kwanza huitwa jina la nyanya yake mzaa baba. Wanangu wawili walioa mwaka mmoja, wakapata mabinti mwaka mmoja, na wote wawili wakaitwa jina langu. Jina la pili wakachukua la babu yao. Pale nyumbani Kanja nilikuwa nikiita mara moja wanaitika wawili, nami najiona tajiri.

Mafuriko yalipobeba lori la watoto wa kwaya, wajukuu wangu hao wakiwemo, waliowaopoa ni wanajeshi. Kila mtoto alifungwa mkanda wa plastiki mkononi, wenye mistari midogo, na simu ikisoma mistari ile inaonyesha mgonjwa ni nani na amepelekwa wapi. Nimefundisha shule miaka mingi, vitu vya namna hiyo navipenda. Siku hiyo nilivichukia.

Mwanajeshi alitafuta jina letu akapata mtoto mmoja tu, yuko hospitali Meru, mzima. Nikamwambia sisi tunatafuta wawili. Akaitazama tena simu yake.

"Shosho, mikanda ilikuwa miwili kweli," akasema. "Nilidhani ni mtoto mmoja ameandikwa mara mbili, nikafuta mmoja."

Nilimtukana, Mungu anisamehe. Mtoto wa watu kutoka mbali, desturi yetu angeijulia wapi?

Tukaenda Meru na wake wa wanangu, mimi nimekaa katikati yao. Kila mmoja alikuwa akiomba kimoyomoyo, na kama mkanda uliofutwa ulikuwa wa maiti, ombi la mmoja lilikuwa msiba wa mwenzake. Mimi nilishindwa kuomba. Ningemwambia Mungu amwache yupi?

Wodini tulimkuta binti wa mwanangu mdogo. Nesi akatueleza kwamba yule mwingine alifikishwa akiwa ameshakata roho. Mamake huyu aliye hai akasimama mlangoni, asiingie. Aliyetangulia kitandani ni mke wa mwanangu mkubwa. Akamfunika mtoto miguu, akampangusa tope masikioni, polepole, wala hakulia. Mtoto akamwita Mama mkubwa, akamuuliza dada yuko wapi.

Mama mkubwa akageuka akamtazama mwenzake pale mlangoni.

"Kuja umshike mtoto wako," akamwambia. "Usiniogope."