Kivuli cha Kipupwe

Ofisi yetu ya Qurum hununua picha za setilaiti kwa kampuni moja ya ng'ambo na kuwauzia wateja. Kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwa mama yangu, Al Amerat, kumwonesha kwenye simu yangu picha moja tu: nyumba alimozaliwa, ng'ambo ya bahari, Pemba. Magoti hayakumruhusu tena kusafiri, na habari za kupigiwa simu hakuziamini. "Watu wa simu husema salama hata maiti iko ndani," alikuwa akisema.

Vita vilipopamba moto upande wetu huu, ile kampuni ikatufungia picha zote, hata za mbali na vita. Mteja wetu mmoja wa Ulaya, mtu wa mambo ya ulinzi, alilalamika mkutanoni kwamba hata wao wamefungiwa. "Tutarusha setilaiti zetu wenyewe," akasema, "asiwepo wa kutufumba macho." Nikamcheka kimoyomoyo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kumbe mimi mwenyewe nilikuwa naona kwa jicho la kuazima.

Mama nilishindwa kumwambia. Nikawa namwonesha picha ileile ya mwisho, ya mwezi wa Juni, nikibadilisha tarehe tu. Miezi saba nilifanya hivyo, na sikuona haya.

Ijumaa moja ya Januari akaisogeza simu yangu karibu na macho.

"Kivuli cha mnazi kimelalia kisima," akasema. "Hichi cha kipupwe. Saa hizi kaskazi, kivuli kiko upande wa jiko. Utoto wangu wote nnahamisha majamvi ya karafuu kukikimbia kivuli hicho, mwanangu."

Nikakiri. Nikaapa kwamba nyumba ipo, ila picha mpya sina.

"Ingekuwepo usingenidanganya. Imeanguka, nawe wanionea huruma."

Nikampigia binamu yake Pemba, nikaweka sauti juu. "Nyumba ipo, salama kabisa," akasema. Mama akageukia ukutani. Tokea siku ile hakuitaka tena simu yangu, na kabla ya mwezi kwisha tukamzika.

Wiki ya pili ya msiba ile kampuni ikatufungulia, zikaja hata picha zote za nyuma. Nikaitafuta ya Ijumaa ile. Nyumba imesimama, paa zima, kivuli cha mnazi kiko upande wa jiko kama alivyosema. Nikatoka mbio na simu mkononi, nikawasha gari niende Al Amerat, na nilikuwa nimeshafika barabarani nilipokumbuka kuwa sina wa kumwonesha.